Mchele wa Kyela Hauna Zumu

Mtu mwenye lenzi moja analala usingizi. Anafunga begi, anapanda basi, anafika, anapiga picha, anarudi kwake. Sisi wenye lenzi tano ndio tunaokesha sakafuni saa sita usiku, makoti mwilini maana Mbeya ya Julai haina huruma, tumezipanga lenzi kwenye mkeka tunaziangalia kama vile tunateua timu ya taifa.

Na safari yenyewe si ya Paris. Iringa! Wikiendi tu! Shemeji yangu kahamia pale mjini na ana mtoto mchanga, mama watoto kasema twende tukamwone, nami nikaona hapohapo nipate nafasi ya kuzunguka mjini na kamera bila bibi harusi kunifokea. Kazi yangu ni picha: pasipoti saizi dukani Mwanjelwa siku za kazi, harusi na kipaimara Jumamosi. Sasa mtu kama mimi akitaka kupiga picha za raha zake, ndipo akili inapomwishia.

Tatizo ni begi. Begi ni moja. Mama watoto ametangaza kwamba robo tatu ya begi ni mchele wa Kyela, na hilo halijadiliwi, kwa sababu mtu hawezi kutoka Mbeya akafika ugenini mikono mitupu. Juu ya mchele kuna maparachichi ya Rungwe. Juu ya maparachichi kuna nguo za watoto. "Hapo pembeni ndipo pako," ananionyesha kwa kidole. Pembeni penyewe panatosha mswaki.

"Mama watoto, hivi ni vifaa vya kazi."

"Mchele unaliwa. Lenzi inaliwa?"

Hebu nijibu nini hapo?

Ugomvi mkubwa uko kwenye ile lenzi ndefu nyeupe ya kuvuta, milimita 70-200 ya f/2.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Niliinunua mtumba, na ndiyo inayonilisha. Kanisani, padri hataki nisogee altareni, nasimama kule kwenye benchi la wanakwaya naivuta pete mpaka naiona. Hiyo siipingi. Lakini ni nzito jamani! Kiwandani wameandika gramu 1,490. Niliwahi kuibeba hadi dukani hapa mtaani nikaiweka kwenye mizani ya sukari, ikasoma kilo moja na robo tatu. Nikaondoka kimya. Angalau sasa najua kwa nini sukari ya nyumbani kwetu inaisha tarehe kumi.

Tuseme nimeibeba. Nimefika soko kuu la Iringa, katikati ya watu, mama anauza nyanya zake kazipanga mafungu mazuri, jua la asubuhi linaingia kwa pembeni, picha inajileta yenyewe. Nainua lile bomba. Kwanza, kamera yangu ni Canon ya kihisio kidogo, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ile ambayo kila lenzi unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo 70 yangu inaona kama 112, yaani eneo finyu zaidi. Nikisimama mita mbili kutoka kwa yule mama napata nyanya moja na nusu. Nirudi nyuma? Nyuma kuna mtu wa mkokoteni anapiga kelele nipishe. Nirudi zaidi? Nimeshaingia kwenye meza ya dagaa.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ile rangi nyeupe ina maneno. Ukiitoa tu sokoni watu wanabadilika. Mmoja anauliza hiyo inatoka kwenye televisheni gani na saa ngapi. Mwingine anajificha nyuma ya gunia la viazi akidhani ni mambo ya kodi. Vijana wanaacha kazi wanajipanga mstari, "Bro, tupige na sisi," wanainua vidole viwili, na ile hali ya kawaida uliyoifuata imekwisha. Hata bajaji inapanda bei papo hapo. Dereva anakuangalia, anaiangalia lenzi, anaona wewe si mtu wa buku. Na ukimwambia hii ni mtumba ndiyo anacheka kabisa.

Jirani yangu, naye mpigapicha, haafiki. Huyu bwana haendi hata kununua mkate bila begi zima. "Kaka mkubwa, utaiacha hiyo halafu simba atapita mbele yako." Simba! Simba wako hifadhini Ruaha, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Iringa mjini. Siku simba anaingia soko kuu, mimi sitakuwa nimesimama nabadilisha lenzi.

Nakubali ile nyeupe ina hoja moja. Jioni ukipanda lile jiwe la Gangilonga, mji wote uko chini yako, na lenzi ndefu inayasogeza mapaa ya mabati na vilima vya nyuma mpaka vinakuwa kama vimeegemeana. Picha nzuri sana. Lakini ni picha moja, ya nusu saa moja, na kilo moja na nusu hiyo nitakuwa nimeitembeza shingoni kuanzia chai ya asubuhi. Mji wenyewe uko juu ya kilima. Ukishuka Ipogolo kwenye barabara kuu, ujue kurudi juu kuna mwinuko wa kukukumbusha umri wako. Mbeya tumezoea milima, sikatai, ila tumeizoea bila mzigo shingoni.

Haya, ile pana, 10-18. Gramu 240, haina makuu. Hii nilikuwa naionea huruma kwa sababu ya Isimila. Ukitoka Mbeya, Isimila unaikuta kabla hujafika mjini, kilomita kama 20 hivi, pale penye zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Ukisimama chini kwenye korongo, nguzo ziko juu yako, hakuna pa kurudi nyuma, hapo lenzi pana ndiyo mwenyewe. Ila tunakwenda na basi. Utamwambia dereva asimame Isimila abiria wote wakungoje upige nguzo? Na kurudi huko kwa gari la kukodi kutoka mjini maana yake nimwache mama watoto kwa shemeji na maneno yatakayozungumzwa nikiwa sipo. Hapana.

Isitoshe, lenzi pana na sura za ndugu haviendi pamoja. Ukimweka mtu pembeni ya picha kwa milimita 10, anavutika. Kichwa kinalala, shavu linakwenda kivyake. Kuna mwenzetu mmoja hapa mjini alipiga picha ya ukoo namna hiyo, akambana mama mkwe pembeni kabisa ili wote watoshe. Mama mkwe alipoiona picha aliuliza tu, kwa upole, "Huyu ni nani?" Tangu siku hiyo jamaa akienda ukweni anapitia uani.

Ile iliyokuja na kamera, 18-55, sina la kusema sana. Inafanya kila kitu na hakuna anayeishukuru. Mchana haina shida. Giza likiingia ndipo utakapoijua: ukivuta hadi mwisho inaishia f/5.6, na taa za mitaa yetu mnazijua. Ile hamsini, lenzi yangu ya milimita 50 ya f/1.8, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi si maneno ya wauza duka, ni hesabu: gawa 5.6 kwa 1.8, zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa hiyo jioni, pale kwenye moshi wa mishikaki na taa moja ya betri, mwenye 18-55 anapiga vivuli na mwenye hamsini anapiga mpaka jasho la mchoma nyama.

Hamsini, basi. Gramu 160, ya plastiki, ukiishika unadhani ni kifaa cha kuchezea. Wataalamu wa vijiweni watakwambia Cartier-Bresson, yule mpigapicha Mfaransa, kazi yake kubwa aliifanya kwa milimita 50. Ni kweli. Lakini wanasahau mawili. Kamera yake ilikuwa ya filamu ya milimita 35, hamsini kwake ni hamsini. Kwangu ni 80, yaani nikiwa ndani ya chumba cha shemeji nampata mtoto bila kitanda, au kitanda bila mtoto. La pili, Cartier-Bresson hakuambiwa abebe mchele.

Yote tisa, hamsini naipenda kwa sura za watu. Inakulazimisha usogee mpaka umsalimie mtu kwanza. Iringa huwezi kumnyooshea mzee kamera hujasema "kamwene", salamu ya Kihehe. Ukimsalimia vizuri atakaa mwenyewe atengeneze kofia, na hiyo ndiyo picha. Wale kina mama wanaosuka vikapu vya nyasi za milulu, ukikaa chini pembeni yao unaona kidole gumba kinavyobana jani na kingine kinavyopitisha uzi, haraka kuliko jicho lako. Hamsini inasogea mpaka sentimita 35 kabla haijaanza kulialia. Inatosha kupata kidole na ukucha wake.

Imebaki ile bapa, 24. Nyembamba, gramu 125, nyepesi kuliko parachichi moja la Rungwe lililokomaa. Zidisha 1.6 unapata kama 38, upana ambao jicho linauelewa: mtaa na watu wake, duka na mwenye duka, lile Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho bila kulikata paa. Na ukiifunga kwenye kamera, watu wanadhani una kamera ya mtalii maskini. Hakuna anayeuliza televisheni gani. Bajaji inabaki bei yake.

Mwanangu wa kidato cha pili amekaa mlangoni muda wote ananitazama. "Baba, si upige na simu?" Simu yake ina lenzi tatu mgongoni, pana, ya kawaida na ya kuvuta, zote zinaingia mfukoni mwa kaptula. Sijamjibu. Nimemtuma maji.

Kuna wanaosema beba zote, utabadilisha ukifika. Hao hawajapita Makambako mwezi wa saba. Basi likisimama pale madirisha yanafunguliwa, wauza mahindi ya kuchoma wanajaa, upepo unaingia na vumbi lake, halafu wewe uko kiti cha dirishani umefungua mdomo wa kamera unabadilisha lenzi. Utafika Iringa kila anga unayopiga ina madoa meusi. Mteja wangu mmoja aliwahi kuuliza ndege gani hao wanaoruka juu ya ukumbi kwenye kila picha.

Na baridi nayo. Umetoka nje alfajiri kamera imepoa, unaingia moja kwa moja jikoni kwa shemeji kunakochemka maharage, kioo kinajaa mvuke huoni kitu. Iache ndani ya begi limefungwa kwanza, ipate joto polepole. Ukiwa na lenzi tano ujue unangojea tano zipate joto, na chai inapoa.

Uamuzi umeshapatikana, ingawa umechelewa. Bapa inakaa kwenye kamera, haitoki mpaka jua lizame. Hamsini ndani ya soksi safi, soksi mfuko wa koti. Kamera naibeba mwenyewe mapajani, nisije kugombana na konda anayetaka kila kitu kiende kwenye buti pamoja na kuku. Ile pana, ile ya kawaida na ile nyeupe zinabaki kabatini. Nilidhani mama watoto atafurahi. Ameangalia pembeni pale palipokuwa pangu, akaona pamebaki nafasi, akaongeza maparachichi sita.

Asubuhi hii jirani kaja. Amesikia naiacha nyeupe. Yeye ambaye jana alikuwa ananitisha na simba, leo ana harusi Jumamosi na anaiomba.

"Kaka mkubwa, nitaitunza kama yangu."

Hiyo ndiyo inayonitisha, maana ya kwake naijua ilivyo. Nimempa, kwa sharti arudishe Jumatatu na asipande nayo bodaboda.

"Na kimfuko chake cha zipu?"

Nikaingia ndani kukitafuta. Mama watoto hata hakugeuka.

"Kile kirefu chenye sponji? Nimetia unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Kiko begini."

Nimemfungia jirani lenzi kwenye taulo. Kimfuko kinakwenda Iringa.