Mtoto Mmoja, Kichupa cha Watoto Kumi

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, na aghalabu kichupa kimoja hutosha watoto 10. Unga ukishachanganywa na maji yake haukai: ndani ya muda wa saa 6 dozi zilizobaki hutupwa, kwa sababu hazina dawa ya kuzuia vijidudu. Hapo ndipo mvutano unapoanzia katika zahanati za vijijini huku Dodoma. Akija mtoto mmoja tu, muuguzi afungue, au amwambie mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi?

Anayesita hana roho mbaya. Dozi 9 atakazomwaga leo ni za watoto wa wiki ijayo, na akiba ikikatika kabla ya mgao wa wilaya, benchi zima litarudi nyumbani bila chanjo. Tena upotevu ukionekana kwenye ripoti, anayeulizwa ni yeye. Hoja hii ni nzito.

Lakini tumtazame na mama. Anatoka kitongoji cha mbali wilayani Bahi au Chamwino, kwa miguu ama kwa nauli ya bodaboda, na mvua zikishika, shamba la uwele halimngoji. Kwa mfugaji ni vigumu zaidi. Wiki ijayo huenda kaya imeshahamia malisho mengine. Wengi wanaoambiwa "njoo Alhamisi" hatuwaoni tena. Na ratiba yetu inataka sindano mbili, miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, maana mtoto keshatembea na mama anaona kliniki imekwisha. Surua hupenya kwenye pengo dogo sana: kuizuia isisambae, takribani watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Rubela humpitia mtoto kwa upele na homa ndogo tu, ila ikimfikia mjamzito asiye na kinga, mwanawe anaweza kuzaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho au ana kasoro ya moyo. Mjamzito hapewi chanjo hii. Kama hakuchanjwa kabla, kinga yake ni watoto wanaomzunguka.

Mimi nasimama upande wa kufungua, na Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo hivyo. Ila mzigo asitwishwe muuguzi peke yake. Wilaya iukadirie upotevu tangu wakati wa kuagiza, isije kuuhesabu kuwa kosa baadaye. Vichupa vya dozi 5 navyo vipo. Kila dozi huwa ghali zaidi na friji hujaa haraka, lakini kwa zahanati yenye watoto wachache naona vinalipa. Hadi vifike, mtoto aliyetimiza umri achanjwe siku hiyo hiyo, na mhudumu wa afya wa jamii apite nyumba za jirani kuwaita wenye watoto wa rika hilo kabla saa 6 hazijatimia.