Uliza ramani kwanza, programu baadaye

Nikisimama kutia mafuta pale Mau Summit, hakosi mtu wa kuchungulia dirishani na kuuliza laptopu inafanya nini mapajani mwa shemeji yangu. Inatuonyesha njia, namjibu. Simu ninayo, lakini ikikaa juani kwenye dashibodi kuanzia Nakuru, tukifika Ahero imepata moto hadi inajizima yenyewe. Isitoshe, macho yangu na yale majina madogo madogo tuliachana zamani. Shemeji husoma kioo kikubwa, mimi nashika usukani.

Swali la pili huwa: programu gani nzuri? Hapo ndipo ninapobishana na watu. Programu ni gari tu. Ramani ndiyo barabara. Uliza kwanza ramani iliyomo ndani ilichorwa na nani, na ikikosea nani ataisahihisha.

Nilijifunza hayo kwa matope. Nilikuwa nimenunua programu ya bei, yenye sauti ya dada mpole asiyechoka. Tulipoipita Muhoroni tukielekea Chemelil, dada akasema tupinde. Tukapinda. Lami ikaisha, ikaja changarawe, halafu udongo mweusi, miwa imetusonga kulia na kushoto. Tukamkuta mama amebeba kuni. "Mama, njia hii inatokea Chemelil?" Akalitazama gari, akatutazama na sisi. "Mwanangu, hapa hupita trekta tu." Nikarudi kinyumenyume karibu nusu kilomita, shemeji akitangulia nyuma kwa miguu kunipungia mkono, suruali imekunjwa hadi magotini. Dada bado anasema tusonge mbele. Nilikuwa nimechagua njia fupi kuliko zote, na kwa ramani ile njia ya trekta na barabara ya lami zilikuwa mistari miwili iliyo sawa.

Tangu siku hiyo natumia Navit, programu ya kuonyesha njia, kwenye Linux (mfumo wa kompyuta, kama Windows ilivyo), na ramani ya OpenStreetMap. Sura yake si ya kujivunia, na kuipanga kulinimalizia Jumamosi nzima. Lakini ni ya bure, ramani yote imo ndani ya laptopu, mtandao ukipotea haina habari. Na katika OpenStreetMap mtu yeyote anaweza kuandika kwamba njia hii ni ya trekta, ile ina geti la shamba la chai, hii haina lami. Ile ya miwa niliiandika mwenyewe. Wanaotumia vifaa vya kuonyesha njia vya Garmin wanaweza kununua ramani za Tracks4Africa, ambazo muda wake wa safari umetokana na safari zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. Kwa barabara za huku, hilo lina maana kuliko hesabu ya kilomita.

Usichukue nakala ya Streets & Trips, programu ya zamani ya ramani, kwenye flashi, hata ukipewa bure. Ilitengenezwa kwa Marekani na Kanada, na Microsoft iliachana nayo mwaka 2014. Itakuonyesha vichochoro vya Chicago wakati wewe unatafuta Chavakali. Google Maps kwenye laptopu nayo itakuchorea njia vizuri ukiwa nyumbani, ila haitakuongoza kwa sauti kona baada ya kona kama inavyofanya kwenye simu.

Laptopu nyingi hazina GPS ndani, yaani kipokezi cha kujua mahali kwa setilaiti. Hukisia mahali zilipo kwa Wi-Fi za jirani, na kati ya Londiani na Kipkelion sijui zitamkisia jirani gani. Nunua kipokezi cha GPS cha kuchomeka kwa USB, kiweke juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, kione anga. Kwenye Windows, aghalabu programu moja tu ndiyo hukishika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo taa yake ikiwaka na ramani bado inadai haioni setilaiti, angalia kama hukuacha programu nyingine wazi. (Mimi nilikirudisha dukani kizima kabisa kabla ya kulijua hilo.) Umeme tunautoa kwenye tundu la kiberiti cha gari kupitia inveta ndogo.

Kipokezi hicho huongea kwa mistari ya maandishi, na shemeji hupenda kuifungua tukitoka Kisumu kwenda Busia. Mjini latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, inaanza na 0005 (digrii sifuri, dakika tano), pembeni yake herufi S, ya kusini. Tunavyopanda kuelekea Maseno inashuka: 0003, 0001, 0000. Hapo huniambia nipunguze mwendo, na lori la nyuma linapiga honi. Halafu S inageuka N, ya kaskazini, tumevuka ikweta, na yeye anashangilia kama hajawahi kuiona.

Kinachotusumbua sasa ni matuta. Yanaota usiku mmoja, bila rangi wala kibao. Shemeji ana daftari la shule kwenye droo ya gari; kila tuta jipya likitutikisa anaandika namba za mahali, na Jumapili anakaa kuyatia kwenye ramani moja moja. Safari iliyopita tulirudi na kumi na moja.