Picha ya sikio bila swali

Mimi husoma picha za hospitali, na fomu za kuomba CT skani ya sikio (picha za eksirei za vipande vipande) zinanifikia kila wiki, na nyingi zina maneno matatu tu: "sikio linatoa usaha." Basi. Hakuna anayeandika kiwambo kimetoboka wapi, mgonjwa anapata kizunguzungu au la, wala kama sikio hilo lilishawahi kupasuliwa. Majibu nayo hufanana na swali: "sikio la kati limejaa kitu laini." Daktari wa upasuaji alilijua hilo kabla hajashika kalamu.

Mimi nasema hivi, na wapo wenzangu wasiokubali: picha kabla ya upasuaji wa sikio la kati si ya kutafuta ugonjwa. Ugonjwa mara nyingi umeshaonekana kwa hadubini ya kliniki. Picha ni ramani ya njia itakayopita keekee.

Tena ni ramani yenye upofu wake. Usaha, ute, nyama za uvimbe na kolesteatoma vyote hutoka rangi moja ya kijivu kwenye CT. Kolesteatoma ni ngozi iliyojipenyeza isikotakiwa, ikafanya mfuko unaojaa magamba na kula mfupa. CT haikuonyeshi mla, inakuonyesha alichokula. Ncha ya mfupa iliyo juu ya kiwambo, ambayo kwa kawaida ni kali, utaikuta imekuwa butu.

Kisha mifupa midogo mitatu ya kusikia: nyundo, fuawe na kikuku. Kwenye kipande cha picha kilichokatwa kwa mlalo, kichwa cha nyundo na mwili wa fuawe hukaa pamoja kama aiskrimu juu ya koni yake. Ukikuta koni imemong'onyoka, umeshapata habari. Mguu mrefu wa fuawe ndio huwa wa kwanza kuliwa, na kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, kinahitaji vipande vya nusu milimita ndipo kionekane vizuri. (Mashine iliyopiga CT ya kwanza ya mgonjwa, mwaka 1971, ilikata vipande vinene kupita sentimita 1. Kikuku kingepotelea humo bila hata kuaga.)

Maswali mengine nataka yaandikwe kwenye fomu: dari kati ya sikio na ubongo ni nzima? Mshipa mkubwa wa damu nyuma ya sikio umesogea mbele? Mfereji wa mlalo wa usawa wa mwili umetoboka? Neva ya uso inapita wapi? Kwa hiyo ya mwisho nina onyo. Ganda la mfupa linaloifunika neva hiyo ndani ya sikio la kati ni jembamba mno, na CT inaweza kudanganya kote kuwili. Picha ikikwambia ganda lipo, mkono usilegeze tahadhari.

MRI ya difyusheni (picha ya sumaku inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu) ni habari nyingine. Humo kolesteatoma hung'aa, ingawa vijipande vya chini ya milimita 2 au 3 huponyoka. Mifupa haionekani, kwa hiyo haichukui nafasi ya CT. Faida yake kubwa naiona baada ya upasuaji, pale ambapo zamani sikio lingefunguliwa tena ili tu kuchungulia kama kuna masalia.

Na tundu kavu la katikati ya kiwambo, lisilo na dalili nyingine? Hapo kwa kawaida siioni haja ya CT, hasa kwa mtoto. Mionzi si maji ya kunawa.

Kuna daktari mmoja wa masikio ambaye huja mwenyewe, jioni kabla ya upasuaji, anavuta kiti na kusogeza picha juu chini kimya kimya. Siku moja alisimama kwenye mfereji wa mlalo, akarudi vipande viwili nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Ripoti yangu ilikuwa imesema "mzima." Aligusa kioo kwa kidole: ganda la mfereji lilikuwa limeliwa, limebaki uzi. Nikafungua ripoti yangu nikaanza kuiandika upya, naye akampigia simu muuguzi wa chumba cha upasuaji kubadilisha mpango wa asubuhi.