Askofu Mkuu Wetu Kawa Kardinali kwa Shilingi 650

Jumamosi nilikwenda Mwembe Tayari kuchukua fulana za jumuiya, 40 kwa jumla, shilingi 650 kila moja, pesa tulizochanga tangu Kwaresima. Nikakunjua ya kwanza pale pale kaunta. Nembo ya askofu mkuu imekaa kifuani, safi, ila ile kofia ya juu ya ngao ni nyekundu. Nyekundu ya pilipili!

Nikamuuliza kijana wa kompyuta. "Mamangu, ile kijani ilikuwa imepoa. Na vile vishada vya nyuzi vinavyoning'inia kofiani vilizidi, nikavipunguza vikae vizuri."

Kavipunguza! Kofia ya kijani yenye vishada kumi kila upande ndiyo inayosema huyu ni askofu mkuu. Sita kila upande ni askofu. Nyekundu, kumi na tano kila upande, ni kardinali. Basi kijana kabofya mara mbili akamteua kardinali, kazi ya Papa peke yake, kisha kwa vishada vyake vinne vinne akampa cheo ambacho sijui ni cha nani.

Na makosa haya yafanyike Mombasa, mji wa kanga! Nembo ni kanga ya askofu. Ngao ndiyo mji, hapo huweka alikotoka na anachokiamini. Kofia na vishada ndiyo pindo. Utepe wa chini ndio jina, kaulimbiu aliyoichagua mwenyewe. Sasa nani pale Biashara Street atathubutu kumwambia mteja, "Jina lilikuwa refu, mama, nimelikata"? Si atavuliwa nguo!

Jirani yangu Mwislamu alipoiona sampuli ya kwanza, ile ya kijani, alicheka: "Kumbe askofu wenu kasilimu?" Nikamweleza kwa kanga. Sijamaliza, akauliza: "Na jina lake lasemaje?" Huyo kaelewa.

Haya, nikubali kidogo. Kanisani hatufundishwi haya. Mimi mwenyewe habari za vishada nimezijua uzeeni. Hata nembo ya Papa Francis, lile ua la nardo la Mtakatifu Yosefu, wengi tuliliona kichala cha zabibu. Lakini sisi tulikosea kusoma tu, hatukumchorea upya.

Pesa hazirudi, nimeambiwa. Fulana 40 ziko chini ya kitanda. Kuvaa siwezi, na kuzifanya matambara ya kupigia deki siwezi pia, maana kijana wa watu msalaba aliuchora sawasawa, na vijiti vyake viwili vya kukingama, kama ipasavyo askofu mkuu.