Baada ya "kumi bora", mtoto alenge nini?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitoa matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Wengi walishukuru. Wengine walilalamika kwamba watoto wamenyimwa cha kukimbilia. Mimi niko na walioshukuru, ila hao wengine wana hoja isiyofaa kupuuzwa.

Tazama Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 na 2002, shule za msingi zikiwa bado zinatoza ada, wasichana wa darasa la sita walishindania ufadhili wa miaka miwili uliotolewa kwa asilimia 15 waliofanya vizuri zaidi. Watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walikuta alama zimepanda hata kwa wasichana waliokuwa nyuma mno kuweza kushinda, na hata kwa wavulana, ambao hawakuhusika kabisa. Walimu nao waliongeza mahudhurio. Katika wilaya jirani ya Teso mafanikio hayo hayakuonekana wazi, lakini anayesema zawadi huua ari ya mtoto lazima kwanza aijibu Busia.

Naye ana ushahidi wake. Mwaka 1973, Marekani, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Siku za baadaye, walipoachwa wachague wenyewe, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Sioni kama tafiti hizi zinagombana. Msichana wa Busia alikuwa na kikwazo cha ada, na tuzo ilikiondoa. Mtoto wa chekechea hakuwa na kikwazo chochote. Alikuwa na hamu, tukaiingilia. Orodha ya kumi bora haikuondoa kikwazo cha mtu, na haikujali hamu ya mtu.

Hata nafasi ya darasani ina kasoro hiyo. Mtoto aliyeandikiwa "wa 41 kati ya 70, aongeze bidii" aongeze bidii kwenye nini? Anaweza kupanda hadi wa 38 kwa sababu tu watatu waliugua siku ya mtihani. Mwambie mwezi huu ajifunze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, naye atajua mwenyewe siku atakayoweza. Hilo ni lengo. Kulima bustani ya shule hadi mavuno ni lengo pia. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka kazi za namna hiyo zihesabiwe pamoja na mtihani.

Ugumu uko kwa mwalimu. Kupanga majina kwa alama ni kazi ya jioni moja. Kumjua kila mtoto amekwama wapi, katika darasa la watoto themanini, kunahitaji walimu zaidi na muda zaidi. Orodha ilifutwa kwa tamko, lakini walimu hao hawapatikani kwa tamko, na mzazi anayeuliza "amekuwa wa ngapi?" ataendelea kuuliza hivyo mpaka ripoti ianze kumweleza mtoto wake sasa anaweza nini ambacho muhula uliopita hakukiweza.