Kopi ya tagi ya geti: kosa la mpangaji au la aliyenunua mfumo?

Kwenye fleti nyingi za Nairobi, ukishalipa kodi na dipoziti unakabidhiwa funguo za nyumba pamoja na tagi, kile kidude cha plastiki, mara nyingi cha bluu, unachokipitisha kwenye mashine ya getini hadi ilie. Unapewa moja, au mbili ukibahatika. Ukitaka nyingine ya dada wa kazi, au ya mama aliyekuja kutoka mashambani, unaelekezwa ofisini, unatuma pesa kwa M-Pesa, unangoja. Au unashuka mjini kwa fundi wa funguo, akutengenezee kopi ukiwa umesimama pale pale. Usimamizi ukigundua, tangazo linabandikwa kwenye lifti: marufuku kutoa kopi za tagi, atakayepatikana atahama.

Marufuku hiyo ina hoja nzuri nyuma yake. Shida ni kwamba inamtafuta mkosaji mahali pepesi zaidi kumpata.

Tuanze na kifaa chenyewe. Tagi za kawaida, zinazotumia mawimbi ya kilohezi 125, hazina betri. Ndani mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi na chipu ndogo. Ukiisogeza kwenye mashine ya mlangoni, waya unapata umeme kutoka kwa mashine hiyo, chipu inaamka na kutangaza nambari yake, ile ile, tena na tena, bila kujali nani anasikiliza. Ile ya aina ya EM4100 ina biti 64 kwa jumla, na 40 kati ya hizo ndizo zinazobeba nambari. Zilizobaki ni za kuonyesha mwanzo na kukagua makosa. Humo hamna nywila wala siri yoyote. Mashine ikisikia nambari iliyo kwenye orodha yake, geti linafunguka.

Ndiyo maana kazi ya fundi ni nyepesi. Ana kimashine cha mkononi, kinachofanana na kile cha kubandikia bei dukani, chenye kitufe cha kusoma na kingine cha kuandika. Anaweka tagi yako, kinalia. Anaweka tagi tupu, yenye chipu inayokubali kuandikwa upya, kinalia tena. Kuanzia hapo geti halina njia ya kujua ipi ni mama na ipi ni mtoto.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni ingawa limechapishwa mbele ya macho yao. Zile kadi nyeupe za aina hii mara nyingi zina tarakimu kumi pembeni. Wengi hudhani ni nambari ya stoo. Kwa kawaida ni sehemu kubwa ya ile nambari ambayo kadi inaitangaza kwa mashine, imeandikwa tu kwa tarakimu za kawaida. Kwa hiyo jirani mwema anapookota kadi kwenye ngazi na kutuma picha yake kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, "mwenyewe ajitokeze", ametandaza mbele ya watu mia moja kitu kinachokaribia kuwa ufunguo wa geti. Hakuna aliyekwenda kwa fundi hapo, na hakuna tangazo la lifti linalomgusa.

Sasa hoja ya mpangaji. Kwa miaka na miaka tumechongesha funguo za chuma kando ya barabara na hakuna mwenye nyumba aliyeona uhalifu ndani yake. Nyumba ninayoilipia kodi ni maskani yangu, na nani aingie humo ni uamuzi wangu: mtoto anayerudi shule saa tisa, mama fua wa Jumamosi, ndugu aliyefika usiku wakati ofisi imefungwa. Ofisi inayotoa tagi mbili kwa familia ya watu sita imeshaamua kwamba wanne watabisha hodi kwa mlinzi kila siku. Na pale ambapo tagi ya ziada inauzwa kwa bei inayozidi mbali gharama yake, kidude chenyewe kikiwa ni cha makumi ya shilingi kinaponunuliwa kwa jumla, mpangaji ana haki ya kuuliza kama hili ni suala la usalama au ni biashara ndogo ya keateka.

Hoja ya usimamizi nayo ni nzito kuliko inavyosemwa kwenye matangazo yao, kwa sababu wao hutisha badala ya kueleza. Ufunguo wa chuma unaochonga unafungua mlango wako. Tagi inafungua geti, lifti, maegesho na ngazi za watu wote. Ukimpa kopi mgeni wa Airbnb wa usiku mbili, umemkabidhi pia korido ya jirani anayelala peke yake, ambaye hukumuuliza. Na mgeni huyo akienda na tagi, huwezi kuizima bila kuzima na yako, maana kwa mfumo hizo ni kitu kimoja. Hapo simtetei mpangaji hata kidogo. Mwenye kukodisha kwa usiku mmoja mmoja huku akigawa kopi anafanya biashara kwa usalama wa watu wengine.

Lakini tazama kinachotokea mpangaji anapohama. Anarudisha tagi zake mbili, anasainiwa fomu, anarudishiwa dipoziti kama mwenye nyumba ni muungwana. Wiki inayofuata tagi zile zile, zenye nambari zile zile, zinakabidhiwa mpangaji mpya. Kila kopi iliyowahi kutolewa kutoka kwazo inaendelea kufungua geti, mwaka hadi mwaka, na mfumo unaandika kwamba ni mpangaji mpya anayepita. Kama nambari zingefutwa siku ya kuhama na mpya zikaingizwa, kopi zote za yule wa zamani zingekufa papo hapo, hata zile ambazo mwenyewe alizisahau. Ni kazi ya dakika chache na tagi mbili mpya. Jengo lisilofanya hivyo halina ubavu wa kumfokea anayetoa kopi, kwa kuwa lenyewe ndilo linaloipa kopi maisha marefu.

Kuhusu nani abebe lawama, kuna kesi ya Uholanzi inayofaa kukumbukwa. Chipu ya MIFARE Classic, iliyotoka mwaka 1994, ni ya daraja la juu kidogo: inatumia megahezi 13.56 na ina usimbaji wake wa siri. Ndiyo iliyobeba kadi ya nauli ya Oyster ya London na kadi ya usafiri ya Uholanzi. Mwishoni mwa 2007 watafiti walionyesha mjini Berlin kwamba siri hiyo inaweza kufumbuliwa, na mwaka 2008 wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakaandaa makala kamili. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani Arnhem kuzuia makala isitoke. Julai 2008 ilishindwa: hakimu aliona kwamba hasara ya kampuni inatokana na kuuza chipu yenye kasoro, haitokani na kuchapishwa kwa habari za kasoro hiyo.

Naukubali msimamo huo kwa nusu. Msomi anayeeleza udhaifu na fundi anayeandika kopi bila kuuliza tagi ni ya nani hawako daraja moja. Wa kwanza anawafumbua macho wote. Wa pili anamhudumia yeyote aliye na pesa, akiwemo aliyeokota mkoba wako kwenye matatu. Hata hivyo fundi hana namna ya kuthibitisha, na kumkamata hakulipatii jengo kinga yoyote, kwani kimashine chake kinauzwa mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, inayoharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Kwa mwizi aliyenakili tagi yako, neno idhini halina utata. Kwa mpangaji aliyempa mke wake kopi, linaanza kuyumba, na sidhani kama kuna anayetaka kesi hiyo ifike kortini.

Kuna pia rekodi. Simu au televisheni ikiibwa ghorofa ya nne, meneja hufungua kompyuta na kusema mfumo unaonyesha tagi yako iliingia saa nane usiku. Mfumo unaonyesha kwamba nambari yako ilisikika. Ilisikika kutoka kwa nani, haujui. Hapa kopi inamgeuka mpangaji mwenyewe: kila uliyempa, na kila aliyempa mwenziwe, anatembea kwa jina lako. Ukiwa na hekima hutaki kopi hata kama hakuna anayekukataza. Na usimamizi nao haupaswi kuitumia rekodi hiyo kama ushahidi uliokamilika, au kuihifadhi milele. Jiji la New York lilitunga sheria mwaka 2021 inayoyataka majengo ya makazi yenye mifumo ya aina hii yafute kumbukumbu za kuingia ndani ya siku 90. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaji tagi, lakini inakataza kuhifadhi taarifa za mtu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na nyakati zako za kutoka na kurudi nyumbani ni taarifa zako.

Dawa ya kiufundi ipo. Kuna kadi kama MIFARE DESFire za matoleo mapya, ambazo kabla ya kutoa taarifa zao zilizolindwa hudai mashine ithibitishe kwamba ni yenyewe, na kimashine cha fundi hakiziwezi. Ila kadi ni ghali zaidi, mashine za milangoni zinabadilishwa zote, na anayefunga mfumo asiyejua kuziweka anaweza kuziacha zitangaze nambari tupu kama zile za zamani, jambo ambalo hutokea. Kwa jengo la kodi ya chini gharama hiyo itaishia kwenye kodi. Alama za vidole, ambazo baadhi ya mameneja wanazipigia debe, nazikataa: dada wa kazi anayefua kila siku vidole vyake mara nyingi havisomeki, na sioni kwa nini mwenye nyumba abaki na kidole cha mtu aliyehama.

Kabla ya kununua chochote, wapangaji wanaweza kudai mambo mawili kwenye mkutano ujao. Kwanza, tagi za ziada ziuzwe kwa bei ile ile zilizonunuliwa na zisajiliwe, kila moja na nambari yake na jina la anayeibeba, ili ya mama fua izimwe siku anapoacha kazi bila kugusa ya mtu mwingine. Pili, idadi ya nambari zilizo hai itangazwe na kulinganishwa na nyumba zilizo na watu. Tuseme jengo lina nyumba 60 na mfumo una nambari 400 zinazofungua geti: meneja aanze na hizo, kisha ndio tuzungumzie tangazo la lifti.