Godoro la safari ya miguu: libebwe au liachwe?

Anayejiandaa kuitembea Pemba kwa miguu, kutoka Mkoani hadi Ras Kigomasha, hana budi kuamua mapema kama atabeba godoro jembamba la kulalia au atatosheka na mkeka wake wa ukindu. Wapo wanaoliona godoro hilo kuwa mzigo wa bure, na wapo wasiothubutu kutoka bila ya kuwa nalo.

Hoja kubwa ya wanaolibeba ni joto la mwili. Ardhi humnyonya joto aliyelala juu yake, na ardhi yenye unyevu hunyonya haraka zaidi. Kwa hiyo katika kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, iliyo juu ya mita 4,600, hakuna wa kulijadili suala hili. Lakini hoja hiyo haivuki bahari kwa urahisi, kwani hata wakati wa kipupwe usiku wa visiwani kwa kawaida hauteremki sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Anayeogopa baridi ya ardhi hapa kwetu anahitaji shuka nzito tu.

Kinachobaki ni ugumu wa pahala pa kulala, na hapo naona wanaolikataa wanaharakisha. Ni kweli kwamba magharibi ya Pemba, kwenye vilima vya mikarafuu, udongo ni mwingi, vijiji viko karibu karibu, na mgeni aliyebisha hodi kwa adabu ni nadra kuachwa alale nje. Mashariki, upande wa Micheweni, kama ilivyo kusini ya Unguja, mambo hubadilika: ni maweni, udongo haba juu ya jiwe la matumbawe lenye ncha. Alalaye kwa ubavu huko hulaza sehemu kubwa ya uzito wake juu ya bega na nyonga, na mkeka, hata uwe umesukwa vizuri namna gani, haumsaidii. Asubuhi huamka na maumivu ambayo atatembea nayo kutwa.

Uzito, unaolalamikiwa sana, si kisingizio cha maana. Godoro la povu gumu lina takriban gramu 400, pungufu ya nusu lita ya maji. Kero yake ni ukubwa, kwa sababu hufungwa nje ya shanta na kunasa kila kichaka. Kwa hiyo ningelikata libaki la kutoka mabegani hadi kwenye nyonga, miguu nikailaza juu ya shanta lenyewe. Kipande cha sponji ya kitandani, ambacho wengi hukichukua kwa kuwa ni rahisi, hakifai, maana hunywa maji kwa mvua ya kwanza na kukauka kwake ni kazi. La kujaza upepo ni laini kuliko yote, lakini maweni ningeliacha nyumbani: ncha moja ya jiwe yatosha kulitoboa, na kiraka hakishiki vizuri penye chumvi na mchanga.